Sura ya 7: Mafundi Wakiingia, Paka Aende Wapi?

Nyumba nyingi za miji yetu hazijawahi kuwa na siku moja ya kumalizika. Familia inahamia kukiwa na kuta, bati na mlango wa mbele. Madirisha yamezibwa kwa mbao, sakafu ni zege tupu. Lipu inapigwa mwaka pesa ikipatikana. Dari linakuja baada ya mgao wa kikoba, marumaru baada ya hapo, na siku harusi ya binti inapokaribia ndipo watu wanagundua kuwa sebule ni ndogo, na ukuta unabomolewa. Ukarabati kwetu ni kazi inayofanyika watu wakiwa ndani. Ni wachache mno wenye uwezo wa kupanga nyumba nyingine kwa miezi mitatu ili mafundi wabaki na nafasi yao.

Kwa kuwa tumezoea, tunajua la kufanya. Kochi linafunikwa shuka kuukuu. Televisheni inahifadhiwa kwa jirani. Mtoto mwenye pumu anapelekwa kwa bibi yake mpaka vumbi litulie, na jiko linahamia uani. Katika mipango hiyo yote ni nadra kumsikia mtu akiuliza paka atalala wapi, au mbwa aliyezoea kujilaza mlango wa nyuma atawekwa wapi mlango huo ukishang'olewa. Jibu la kawaida ni kwamba mnyama atajijua.

Hajijui. Mnyama wa nyumbani ameitegemea nyumba ile na watu wake kwa kila kitu, na hakuna namna ya kumweleza kwamba kelele hizi zina mwisho, kwamba Ijumaa ijayo fundi analipwa anaondoka. Kwa hiyo ninachodai katika sura hii ni kimoja: mnyama aingizwe kwenye mpango wa ukarabati tangu siku ya kupiga hesabu ya saruji, na apewe chumba kimoja ambacho fundi hatakigusa mpaka mwisho wa kazi. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Nianze na paka, kwa sababu ndiye anayeumia zaidi huku akionekana kama haumii. Paka ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni, kwenye nyayo na karibu na mkia. Anapojisugua kwenye mguu wa meza au kwenye fremu ya mlango, anaacha alama ambayo sisi hatuioni wala hatuinusi, na kila apitapo hapo tena anapata hakika kuwa yuko kwake. Fundi akija na msasa, akakwangua fremu, akahamisha kabati na kupiga rangi, alama zote zimefutika. Sisi tunaona nyumba ileile imependeza. Paka anajikuta ugenini bila kutoka mlangoni. Juu ya hayo kuna kelele. Sikio la binadamu husikia sauti za hadi takriban kilohezi 20. La mbwa hufika karibu 45, na la paka hupita 60. Grainda inapokata marumaru sisi tunaziba masikio kwa sababu ya tunachokisikia, na yeye anasikia hicho pamoja na kingine kilicho juu yake tusichokijua kabisa.

Paka wengi hujificha. Wanaingia nyuma ya friji au juu ya kabati, wanakaa huko tangu nyundo ya kwanza mpaka magharibi, hawali, hawanywi, hawatoki kwenda haja. Kwa paka jike hiyo ni shida. Kwa paka dume inaweza kuwa kifo.

Tony Buffington, daktari wa wanyama aliyefundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza ugonjwa wa kibofu unaowapata paka bila kuwapo vijidudu wala mawe. Mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwaangalia paka wagonjwa na wazima waliotunzwa pamoja kwa ratiba isiyobadilika. Ratiba ilipovurugwa, kwa mfano mtunzaji kubadilishwa au saa ya chakula kusogezwa, hata wale wazima walianza kutapika, kukataa chakula na kujisaidia mahali pasipo pao. Kama kubadilisha mtunzaji tu kunatosha kumtapisha paka mzima, mtu apime mwenyewe maana ya wiki tatu za kubomoa ukuta.

Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba sana. Kibofu kikiwa na uvimbe, ute na chembechembe hujikusanya na kuuziba. Mkojo usipotoka, sumu zake hurudi kwenye damu, potasiamu inapanda, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Dalili zake zinaonekana wazi kwa anayetazama: anakwenda kuchuchumaa mara kwa mara, hatoi kitu au anatoa tone lenye damu, analia kwa sauti nzito, anajilamba nyuma bila kuacha. Tabu ni kwamba wakati wa ukarabati hakuna anayetazama. Au anayetazama anasema amefunga choo, anamnywesha mafuta ya kupikia, na usiku unapita.

Katika nyumba moja ya Tanga iliyokuwa ikibadilishwa bati, paka dume wa rangi ya chungwa alishinda juu ya lundo la mchanga lililomwagwa mbele ya baraza. Alichimba, akachuchumaa huku mkia ukitetemeka, akasimama, akafukia, akasogea hatua mbili, akachimba tena. Kijana mmoja saidia fundi alisema paka huyu anatafuta hazina. Bibi mwenye nyumba alikuwa amekaa barazani akichagua mchele. Aliweka ungo chini, akaenda kuyafukua yale mashimo kwa kidole, moja baada ya jingine. Yote yalikuwa makavu. Jioni ile paka alikuwa mezani kwa daktari wa mifugo akiwekewa mrija, na alipona. Yule bibi hakuwa amesoma kitabu chochote cha paka. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kumtazama mnyama wake hata siku yenye vurugu.

Lundo lile la mchanga lenyewe linastahili maneno mawili. Lori likishamwaga mchanga wa kujengea, kila paka wa mtaa anaupokea kama choo kipya, na mafundi wanakuja kuuchanganya kwa mikono mitupu. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba kimelea cha toksoplasma, ambacho ni hatari hasa kwa mjamzito na mimba yake. Kimelea hicho kikishatoka kinahitaji siku moja hadi tano kabla hakijaweza kuambukiza, kwa hiyo mchanga uliokaa wiki nzima wazi ndio wa kuogopwa. Dawa yake ni turubai lililokandamizwa kwa matofali kila jioni, na kwa paka wako mwenyewe beseni la mchanga mkavu ndani ya chumba chake, linalosafishwa kila siku. Hilo beseni pia ndilo litakalokuambia kama anakojoa.

Sasa saruji na chokaa, ambavyo vinaumiza wanyama wengi kuliko watu wanavyodhani. Tunaviona kama uchafu mweupe na wa kijivu unaofutika kwa kitambaa. Maji safi yana pH ya 7. Zege bichi na lipu mbichi hufika 12 hadi 13, ukali unaokula ngozi. Tena unaula polepole. Paka au mbwa akikanyaga zege bichi hapigi kelele palepale, kwa sababu kuungua kwake huja baada ya saa kadhaa. Anakwenda kujilaza, na kwa kuwa usafi wake wote ni wa ulimi, anaanza kulamba nyayo. Kilichokuwa nyayoni sasa kiko kwenye ulimi, ufizi na koo. Kesho yake anakataa chakula, mate yanamtiririka, na mwenye nyumba anafikiri amekula sumu ya panya.

Wanyama wamekuwa wakitembea juu ya kazi za wajenzi tangu zamani. Vigae vya Kirumi vilivyofukuliwa Silchester, Uingereza, bado vina alama za nyayo za mbwa aliyepita juu yake kabla havijachomwa. Udongo ule haukumdhuru. Saruji ya leo haina upole huo, na hatua zilezile kwenye sakafu ya jana usiku zinahitaji maji mara moja. Kama ni unga mkavu umemwagikia manyoya, upanguse kwanza kwa kitambaa kikavu au brashi, kisha maji mengi. Kama ni zege bichi, suuza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, katikati ya vidole vyote, huku mwenzako amemfunga mnyama kwenye taulo asilambe. Usijaribu kuua ukali wa saruji kwa siki au ndimu kwenye ngozi iliyoungua. Maji yanatosha, halafu daktari.

Kwa wanaoishi kwenye nyumba za mawe, hatari hii ni kubwa zaidi na ni ya muda mrefu zaidi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Kuta za miji hiyo ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Wanaoshughulika na hifadhi ya majengo haya hawachoki kueleza kwamba lipu ya saruji juu ya kuta hizo hufungia unyevu na chumvi ndani na kuuharibu ukuta, kwa hiyo ukarabati wa haki ni wa chokaa. Nakubaliana nao moja kwa moja. Lakini kazi ya chokaa ina shimo au pipa la kuilowekea, na chokaa mbichi ikimwagiwa maji hutoa joto hata yakachemka. Baada ya kupoa inaachwa majini wiki nyingi, pengine miezi, nyeupe na tulivu kama bakuli la maziwa. Paka wa nyumba za mawe, aliyezoea kuruka kutoka ukingo wa dari mpaka kidakani na kutoka kidakani mpaka sakafuni, hana sababu ya kujua kwamba sehemu ile haikanyagiki. Tone la chokaa jichoni linaweza kupofusha. Shimo lifunikwe kwa mbao nzito muda wote mafundi wasipokuwa kazini, hata wakitoka kwenda kula tu.

Vivyo hivyo pipa la maji ya kujengea. Ni pana, ni refu, kuta zake ndani zinateleza, na usiku maji yako nusu. Mtoto wa paka au kuku akiinama kunywa akadumbukia, hatoki. Bati na tofali juu yake, basi. Ukikosa mfuniko, egemeza ubao ndani ufike mpaka chini, anayetumbukia apate pa kupandia.

Kuhusu rangi, tuanze na ile ya zamani inayokwanguliwa. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku kwa nyumba za kuishi mwaka 1978, na viwango vya kuzibana vikaja kwetu miaka mingi baadaye. Mlango wa mninga uliopakwa mara nne tangu enzi za babu una tabaka ambalo hujui limetengenezwa na nini. Ukisugua kwa msasa mkavu, vumbi lake linatua sakafuni, kwenye bakuli la maji ya mbwa na kwenye manyoya ya paka, ambaye atalilamba lote. Sumu ya risasi kwa mbwa huonekana kama maumivu ya tumbo, kutapika, kutotulia, na hatimaye degedege. Madaktari wa wanyama wamejua kwa miongo mingi kwamba mbwa akigundulika na risasi damuni, watoto wa nyumba hiyo nao wapimwe, maana wanatambaa sakafu moja. Msasa utumike ukiwa umeloweshwa, vumbi lifutwe kwa tambara bichi badala ya ufagio, na bakuli zote za wanyama zihamishwe kabla ya kazi kuanza.

Rangi mpya nayo ina tina. Hapa paka ana udhaifu wake wa maumbile: ini lake lina upungufu wa vimeng'enya vinavyovunja fenoli na kemikali za jamii hiyo, ambavyo mimi nawe na mbwa tunavyo. Dawa nyingi za kusafishia, hasa zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, ni sumu kwake kwa kiasi ambacho hakitutishi sisi. Kwa hiyo paka akipakaa rangi ya mafuta, asiguswe kwa tina, petroli wala mafuta ya taa. Nimeshuhudia watu wema wakifanya hivyo kwa haraka ya kumsaidia. Rangi ya maji inatoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ikiwa bado mbichi. Ya mafuta lainisha kwa mafuta ya kupikia, futa, kisha sabuni. Ikishakauka kata manyoya kwa mkasi. Dawa ya mchwa inayomwagwa kwenye msingi, na ile inayopakwa mbao za kenchi, mara nyingi ni za jamii ya permethrini au saipamethrini, nazo humtia paka mtetemeko na degedege. Asikaribie mpaka pakauke kabisa. Soma kibandiko cha kopo, au mwombe fundi akuoneshe kopo lenyewe badala ya kukumiminia kwenye chupa ya maji.

Ndege wasihamishiwe chumba kingine. Watolewe nyumbani kabisa. Pafu la ndege limeungana na vifuko vya hewa vilivyotapakaa mwilini, na hewa hupita ndani yake kwa mwelekeo mmoja, kwa hiyo kila pumzi huvuna oksijeni nyingi, na moshi au mvuke wenye sumu vilevile. Ndiyo sababu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walishuka migodini na ndege wadogo wa jamii ya chiriku: ndege alipoanguka, watu walikimbia. Desturi hiyo ilisimamishwa mwaka 1986. Kasuku aliye kwenye tundu sebuleni wakati dari linapakwa rangi ya mafuta yumo katika kazi ileile bila mtu wa kumtazama. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Aliyerithi mmoja kihalali hatampata mwingine kwa urahisi. Ampeleke kwa ndugu mpaka harufu ya rangi iishe puani, kisha aongeze siku kadhaa.

Kama nyumba ni ya zamani na paa ni la asbestosi, kama zilivyo nyumba nyingi za shirika la reli na za serikali, hilo si jambo la fundi wa mtaani na nyundo. Mwaka 1983 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionesha kwamba mbwa waliopata saratani ya utando wa mapafu walitoka zaidi kwenye nyumba za watu waliofanya kazi au shughuli zinazowakutanisha na asbestosi. Vumbi lilifika nyumbani kwenye nguo za bwana. Paa hilo litolewe na wenye kibali cha mamlaka ya mazingira, nyumba ikiwa tupu, bila watu wala wanyama.

Mashimo sasa. Katika ukarabati wowote kuna siku ambapo nyumba imejaa nafasi zisizokuwepo jana: chini ya beseni la kuogea, nyuma ya ubao wa jipsamu, ndani ya chemba ya maji machafu, juu ya dari kabla ya kipande cha mwisho. Paka aliyeogopa hutafuta pembe yenye giza na ukimya, na giza na ukimya viko hukohuko ndani. Saa kumi na moja fundi anafunga, anakwenda zake. Usiku unasikika mlio mwembamba usiojulikana unatoka wapi.

Mama mmoja wa Tabata ninayemfahamu ameliweka hili kuwa sharti, na mazungumzo yake na fundi wa dari ni ya kila jioni.

"Shikamoo mama. Tunafunga kile kipande cha ukumbini, tumalize."

"Marahaba baba. Subiri kidogo fundi, nimhesabu kwanza."

"Mama, paka hawezi kupanda kule, ngazi tumeshaiondoa."

"Najua. Nioneshe yuko wapi, halafu funga."

Fundi anasimama, ubao mkononi, mama anakwenda chumbani, anarudi na paka begani. Ndipo skrubu zinaingia. Mafundi wa nyumba ile walikuwa wakinung'unika wiki ya kwanza. Wiki ya pili kijana wao mmoja ndiye aliyekuwa akiuliza, "Mama, umeshamhesabu?"

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu fundi ndiye ufunguo wa kila kitu. Yeye ndiye anayefungua geti asubuhi, anayeacha ndoo ya tina bila kifuniko, anayemwaga maji ya kusafishia karai. Akiambiwa siku ya kwanza, kabla ya malipo ya mwanzo, kwamba nyumba hii ina paka wawili na mbwa mmoja na masharti ni haya, atayachukua kama sehemu ya kazi. Akiambiwa siku ya tano baada ya ajali, atayasikia kama lawama. Na awe amekubaliana nawe kwa sauti, mbele ya vijana wake, maana vijana ndio wanaobaki yeye anapokwenda kununua vifaa.

Mbwa ana hatari zake, na kubwa zaidi ni geti. Lori la kokoto linaingia, geti liko wazi saa nzima, na mbwa aliyetishwa na mlio wa mashine ya kuchanganyia zege anatoka mbio asijue anakokwenda. Nyingine ni kung'ata. Mbwa wa ulinzi amefundishwa maisha yake yote kwamba mgeni anayeruka ukuta au kubeba chuma ni adui, na leo wageni kumi wanaruka ukuta wakiwa na nondo. Kumlaumu hapo ni kumwonea. Apate chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kazi kuanza, kama ya mwaka huu hajapata, na cheti kiwekwe karibu. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana chanjo. Mbwa afungiwe kibandani au uani mbali na njia ya mafundi, kwenye kivuli, na afunguliwe atembezwe wakishaondoka. Mnyororo mfupi juani toka asubuhi hadi jioni ni ukatili, tena unamfanya awe mkali zaidi. Mabaki ya chakula cha mafundi yakusanywe: mifupa ya kuku wa chipsi, mifuko, na gundi ya mbao ya aina ile inayofura, ambayo ikimezwa hufura tumboni pia na kuhitaji upasuaji.

Narudi kwenye chumba. Kichaguliwe kilicho mbali zaidi na kelele na kitakachofanyiwa kazi mwisho. Kihamiwe mapema, siku kadhaa kabla ya nyundo ya kwanza, ili paka akijue kikiwa kimya. Ndani yake kuwe na vitu vyenye harufu ya zamani: mto aliozoea, kanga ya mama ambayo haijafuliwa, boksi lenye tundu la kuingilia. Weka maji mahali pawili, na beseni la mchanga mbali na chakula. Tambara bichi lizibe uwazi wa chini ya mlango kuzuia vumbi. Chakula kije saa zilezile na kwa mkono uleule, na jioni mafundi wakiondoka mtu wa nyumbani akae humo nusu saa, hata kama anasoma gazeti tu.

Kumfungia humo ni kwa ajili ya usalama wake, na hapo pana mpaka. Tuliolelewa pwani tulifunzwa tangu chuo cha Kurani habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila kumpa chakula wala kumwacha ajitafutie. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 nayo inasimama juu ya wazo kwamba anayemfuga mnyama anabeba wajibu wa ustawi wake. Chumba kisicho na maji, hewa wala mtu wa kukifungua ni gereza. Na pale ambapo nyumba nzima ni chumba kimoja na sebule, na vyote vinaguswa, ni heri kumpeleka paka kwa shangazi. Huko nako afungiwe ndani wiki mbili za mwanzo, maana paka wengi hujaribu kurudi kwao kwa miguu na kuishia barabarani.

Kazi ikiisha, sakafu zioshwe kwa maji, na sumaku ipitishwe uani kuokota misumari na vipande vya binding waya. Usimfungulie nyumba yote siku moja. Mlango mmoja leo, mwingine baada ya siku mbili. Chukua kitambaa laini, msugue mashavuni, kisha kifute kwenye kona za kuta mpya na miguu ya kabati kwa kimo cha kichwa chake. Harufu yake itamtangulia.

Halmashauri yako ina daktari wa mifugo. Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na walio karibu na Nairobi wana zahanati ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Tafuta namba ya daktari aliye karibu nawe leo, kabla mchanga haujashushwa, iandike ukutani penye namba ya fundi, na dume wako akichuchumaa mara tatu bila kutoa kitu, mpigie simu usiku huohuo.